Shoka la Kuazima

Somo: 2 Wafalme 6:1-7

(Mazungumzo haya yalitolewa redioni katika kipindi cha ibada ya asubuhi. Tunayachapa kwa ajili ya wale waliotuomba wayasome tena nyumbani.)

Sisi tunaozungumza nanyi asubuhi hii ni mume na mke, washiriki wa kanisa kama ninyi. Hatukuja kama wahubiri wakubwa. Tumekuja kama watu wawili waliokuwa na deni kwa miaka mingi, na siku moja deni hilo likaisha. Ni deni la masomo ya chuo kikuu. Tunajua kwamba katika nyumba nyingi ambamo redio inasikika sasa deni hili limo, ingawa halitajwi wakati wa chakula.

Basi, kabla hatujasema habari zetu, tukumbuke kwanza habari ya kijana mmoja katika Biblia. Jina lake halikuandikwa. Alikuwa mmoja wa wanafunzi wa Elisha, wale walioitwa wana wa manabii. Wanafunzi hao waliona kwamba mahali walipokaa pamoja na mwalimu wao palikuwa padogo. Wakaomba ruhusa kwenda mtoni Yordani, kila mtu akate boriti moja, wajenge mahali pa kuwatosha. Elisha akakubali, akaenda nao. Walipokuwa wakikata miti, chuma cha shoka la kijana mmoja kikachomoka kwenye mpini, kikatumbukia majini. Kijana akapiga kelele kwa uchungu, kwa sababu shoka lile halikuwa lake, alikuwa ameliazima. Nabii akataka kujua limeanguka wapi. Kijana akamwonyesha. Elisha akakata kijiti, akakitupa pale, na chuma kikaelea. Kisha akamwagiza yule kijana akichukue mwenyewe, naye akanyosha mkono akakitwaa.

Tafadhali angalieni jambo hili. Kijana huyu hakuwa mwizi, wala mlevi, wala mvivu. Alikuwa mwanafunzi aliyekuwa akijenga shule yake kwa chombo cha mtu mwingine. Siku zile chuma kilikuwa kitu cha thamani, na maskini hakuweza kukilipa kwa urahisi. Msiba wake ulimpata akiwa kazini, akifanya jambo jema. Je, si hivyo hivyo kwa vijana wetu wengi? Walikwenda chuoni kwa nia njema, kwa shoka la kuazima, na baadaye chuma kikazama.

Shoka letu lilitoka wapi?

Mikopo ya elimu katika nchi yetu ni ya zamani kuliko vijana wengi wanavyodhani. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilianzisha hazina ya kuwakopesha Wakenya waliokwenda kusoma nchi za nje. Mwaka 1974 ukaanza mpango wa mikopo kwa wanafunzi wa chuo kikuu, chini ya Wizara ya Elimu. Mpango ule ulikuwa mzuri, walakini haukuwa na njia imara ya kuwafuata waliokopa. Wengi walipata kazi, wakajenga nyumba, wakasahau. Hazina ambayo ilikusudiwa kuzunguka kama gurudumu ikakwama njiani. Ndipo mwaka 1995 Bunge likapitisha sheria iliyounda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ile ambayo sote huiita HELB.

Utaratibu wake kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wa wakati wetu ulikuwa hivi. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka. Mwanafunzi akimaliza masomo hupewa mwaka mmoja wa kupumua, kisha anatakiwa aanze kulipa. Mwenye ajira hukatwa mshahara na mwajiri wake, na fedha hupelekwa kwa Bodi. Asiye na mwajiri anatakiwa ajilipie mwenyewe. Anayenyamaza hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi anaokosa, na jina lake laweza kupelekwa kwa mashirika yanayoweka kumbukumbu za wakopaji, ndiyo yale tunayoyaita CRB. Tena wakati wa kukopa mwanafunzi huleta wadhamini, watu wanaotia sahihi kwamba wanamjua, nao watabeba mzigo ikiwa yeye ataukimbia.

Katika nyumba yetu tulikuwa na mikopo miwili. Mke ni mwalimu. Mshahara wake ulikatwa tangu mwanzo, kidogo kidogo, na deni lake likaisha karibu bila yeye kujua. Mume alisomea kilimo, akamaliza mwaka 2009. Hakupata ajira ya kudumu. Alifanya vibarua vya mkataba wa miezi mitatu au sita, kisha akafungua duka dogo la mbegu na dawa za mifugo. Alikuwa amekopa jumla ya shilingi 160,000 kwa miaka minne. Mwaka 2010 ulipofika wa kuanza kulipa, hakulipa. Hakukataa kulipa. Alisema moyoni, "Mwezi ujao." Mwezi ujao ukawa miaka minne.

Mdhamini mmoja alikuwa Mama yake. Mama hakusoma. Aliletewa fomu jikoni, akafuta mikono kwa kanga, akaweka kidole gumba pale alipoonyeshwa. Hakuuliza riba ni ngapi. Aliuliza tu kama mtoto wake atakula vizuri huko Nairobi.

Kwanza, kijana alilia

Ndugu msikilizaji, jambo la kwanza alilofanya yule kijana wa Yordani ni kulia kwa sauti. Sisi hatukulia. Tulinyamaza, na kunyamaza huko kulitudhuru kuliko faini.

Tutawaeleza jinsi moyo wa mdeni unavyokwenda, ili mwenye kupita huko ajue kwamba hayuko peke yake. Kwanza huja hofu. Mume alikuwa haokoti simu yoyote yenye nambari asiyoijua. Alibadilisha laini. Ujumbe ukija, aliufuta kabla ya kuusoma, kana kwamba deni hufutika pamoja nao. Baada ya hofu huja aibu. Sebuleni tulikuwa na picha yake amevaa joho siku ya kufuzu, Mama amesimama kando yake na leso mpya kichwani. Picha ile ilikuwa furaha yetu. Siku moja mke aliikuta imeondolewa ukutani, imewekwa nyuma ya kabati. Alipouliza, aliambiwa kioo kimelegea.

Halafu huja hasira. Mume alizoea kusema akisoma gazeti, "Wakubwa wanakula mamilioni na hawaguswi. Mimi mtu mdogo nitafutwe kwa laki moja na sitini?" Ndugu zangu, maneno hayo yana ukweli ndani yake. Wizi wa mali ya umma ni dhambi, na manabii waliukemea bila kuogopa. Lakini tulikuja kuona kwamba tulikuwa tukiitumia dhambi ya mwingine kama blanketi ya kujifunika. Mwizi wa mamilioni atajibu yake mbele za Mungu. Shoka tulilopewa sisi tutaulizwa sisi.

La mwisho ni jambo gumu kulisema hadharani, nasi tunalisema kwa sababu liko katika makanisa yetu. Katika miaka ile ile ya kunyamaza, tulikuwa tukitoa. Siku moja kulikuwa na harambee ya kununua vyombo vya muziki. Tulitoa shilingi 10,000. Jina letu likasomwa, watu wakapiga makofi, mchungaji akatuombea baraka. Mwezi ule hatukulipa hata senti moja ya deni. Tulimpa Mungu mbele za watu fedha ambazo kwa haki zilikuwa za mwenye shoka. Zaburi 37, mstari wa 21, unamhesabu pamoja na waovu mtu akopaye asilipe. Tulikuwa tumeusoma mara nyingi, nasi tukadhani unawahusu watu wa namna nyingine.

Mambo yalifichuka mwaka 2014. Tulikwenda pamoja benki kuomba mkopo wa kumalizia nyumba. Karani alitazama mashine yake, akasema kwa upole kwamba hawezi kutusaidia, kwa kuwa jina la mume limeorodheshwa. Mke hakujua lolote. Tulipanda matatu kurudi nyumbani bila kusema neno. Usiku ule, watoto walipolala, mume alieleza yote, naye alilia. Mke pia alilia. Hakulilia fedha. Alilia kwa sababu alikuwa ameishi miaka minne na mtu aliyekuwa akibeba gunia gizani, naye hakuambiwa ashike upande mmoja.

Basi tunasema kwa wapendwa wote walio kimya: lia. Mwambie mtu mmoja. Wanawake kwa waume, mwenzi wako ndiye wa kwanza kujua. Kijana wa Yordani hakutafuta mpini mwingine akajifanya anaendelea kukata. Alipaza sauti mbele ya wenzake wote na mbele ya mwalimu wake.

Pili, alionyesha mahali

Elisha alitaka kujua chuma kimeanguka wapi. Nabii wa Mungu hakushindwa kujua. Lakini kijana alitakiwa anyoshe kidole na kusema, "Ni hapa."

Juma lililofuata tulikwenda Nairobi, katika jumba la Anniversary Towers, University Way, ambamo zilikuwamo ofisi za Bodi. Njiani mume alikuwa na jasho mikononi kama mtu anayekwenda hospitali kusikia majibu. Tulidhani tutakemewa. Tulikuta watu wengi wameketi wakingoja zamu yao, wengine wenye mvi, wengine na mafaili chini ya kwapa. Wote walikuwa wamekuja kuonyesha mahali. Msichana aliyetuhudumia alichapa karatasi moja akatupa. Mkopo shilingi 160,000. Faini za miezi 48, shilingi 240,000. Riba juu yake. Jumla yote ilikaribia shilingi 430,000. Kisha akauliza swali moja tu: "Mnaweza kulipa ngapi kwa mwezi?"

Hesabu ile ilikuwa kubwa kuliko tulivyoogopa. Hata hivyo, tunawaambia kweli, usiku ule mume alilala usingizi mpaka asubuhi, jambo ambalo hakulifanya kwa muda mrefu. Kwa nini? Kwa sababu deni lisilohesabiwa halina mwisho. Linakaa kila mahali: katika mlio wa simu, katika bahasha, katika salamu ya rafiki mliyesoma naye. Lakini likiandikwa kwenye karatasi huwa na mwanzo na mwisho. Laweza kugawanywa kwa miezi. Mtu aweza kulishika kwa mkono na kusema, "Ni wewe tu?"

Kulikuwa na mahali pengine pa kuonyesha, napo palikuwa pagumu zaidi. Kila tulipompigia Mama simu, aliuliza, "Na lile deni la shule?" Tulizoea kumjibu, "Linaendelea vizuri, Mama." Jumamosi moja tulikwenda nyumbani tukamweleza. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba tangu zamani alikuwa akiogopa gari likisimama njiani, akidhani wamekuja kumchukua ng'ombe. Hakuwa amemwambia mtu. Mithali 22, mstari wa 26 na 27, inaonya juu ya kumdhamini mtu, kwamba asiye na cha kulipa aweza kunyang'anywa hata kitanda anacholalia. Sisi tulikuwa tumelala vizuri juu ya kitanda cha Mama yetu, yeye akikesha. Tulimwomba msamaha kwa magoti. Alitusamehe, akatuambia tusimdanganye tena, hata kama ni kwa kumhurumia.

Tatu, alinyosha mkono

Chuma kilielea kwa uwezo wa Mungu. Lakini angalieni, hakikuruka kikaingia mkononi mwa kijana. Aliambiwa akiokote. Muujiza ulifika mpaka pale mkono wake ulipoweza kufika, na sehemu iliyobaki ilikuwa yake.

Tulisema hili kwa sababu tumewahi kusikia mahubiri yanayoahidi kwamba ukipanda mbegu ya fedha, deni litafutwa kwa usiku mmoja. Hatuwezi kuuwekea mipaka mkono wa Bwana. Lakini kwetu hakufanya hivyo. Chuma chetu kilielea polepole, shilingi 5,000 kila mwezi, kuanzia Julai 2014. Tulinunua daftari la kurasa 48 tukaliweka katika droo ya meza. Kila tarehe 5, mara tu baada ya mke kupata mshahara na mume kufunga hesabu za duka, tulituma fedha kwa simu, tukaandika tarehe na kiasi, tukaomba kwa kifupi. Tuliacha nyama siku za katikati ya juma. Nyumba ilikaa bila dari. Tulipoalikwa harambee tulitoa kidogo, na hatukuona haya.

Mwaka wa kwanza tulikuwa na furaha. Mwaka wa pili ukawa wa kawaida. Mwaka wa tatu ulikuwa wa kuchoka. Tulikuwa kama mtu anayetoa maji kisimani kwa kikombe, huku mvua inanyesha ndani, maana riba nayo ilikuwa ikiongezeka. Wenzetu walinunua magari. Watoto waliuliza kwa nini hatuendi Mombasa. Hapa ndipo wengi huacha, wapendwa, katikati ya njia, pale ambapo huoni ulikotoka wala unakokwenda.

Ndipo likatoka tangazo. Mara kadhaa Bodi imetangaza vipindi vya kusamehe faini kwa wale watakaolipa mkopo uliobaki wote kwa mara moja. Tulipiga hesabu. Tukipata shilingi 150,000 kabla ya tarehe iliyowekwa, faini zote zingefutwa nasi tungekuwa huru. Akiba yetu ilikuwa shilingi 18,000.

Tunaungama mbele yenu kwamba wakati ule mke alikuwa mhazini wa chama cha akina mama kanisani. Chama kilikuwa na shilingi 170,000 za kununua tangi la maji na mabati ya jiko. Fedha zilikuwa benki, naye alikuwa na vitabu vyote, na wale wawili wa kutia sahihi pamoja naye walimwamini kabisa. Kwa siku tatu tulizungumza jambo lile chumbani kwa sauti ya chini. Tuliliita mkopo. Tulisema tutarudisha kabla ya mkutano wa mwaka. Siku ya tatu, mke alikuwa akiosha vyombo, akasema, "Tutaazima shoka lingine ili tutoe lile la kwanza majini, na hili nalo likianguka?" Mume hakuwa na jibu. Kesho yake mke alipeleka vitabu kwa mwenyekiti, akaomba mtu mwingine avitunze kwa mwaka mmoja, akaeleza sababu. Mwenyekiti alimshika mkono, wakaomba.

Tarehe ile ikapita. Msamaha ulipita mlangoni petu, nasi hatukuwa na kitu cha kuupokelea. Hatuwezi kusema tuliipokea hali ile kwa nyimbo. Mume alikaa siku mbili bila kufungua duka.

Hata hivyo ni katika siku zile tulipoielewa Injili vizuri kuliko katika miaka yote tuliyoketi kanisani. Msamaha wa wanadamu, hata ukiwa mwema kama ule, huwa na tarehe, na humfikia yule aliye na fedha za kutosha mfukoni. Asiyenacho huachwa nje. Lakini msamaha wa Mungu hutolewa kwa yule asiye na kitu kabisa. Paulo alipomwandikia Filemoni juu ya Onesimo, aliomba kwamba deni lolote la mtumwa yule liandikwe juu yake yeye Paulo. Hivyo ndivyo Kristo alivyotufanyia. Aliweka kidole chake kwenye fomu yetu, naye alijua riba ni ngapi. Tulirudi kwenye daftari letu si kwa kumwogopa mdai, bali kama watu ambao deni lao kubwa limekwisha kulipwa. Na mtu wa namna hiyo aweza kulipa madeni madogo bila kinyongo.

Shoka hurudi kwa nani?

Kuna jambo jingine lililotupa nguvu. Mwaka 2018 binti wa dada yetu aliitwa chuo kikuu. Baba yake alikuwa amefariki. Alijaza fomu ya mkopo, akapewa. Siku fedha zilipoingia alitupigia simu akicheka, akasema amelipa chumba na amenunua godoro. Siku ile tulielewa kwa moyo tuliyokuwa tukiyajua kwa kichwa tu. Fedha zinazorudishwa na waliosoma zamani huingia katika mikopo ya wanaosoma sasa. Hazina hii ni shoka moja linalopita mkononi hadi mkononi. Wale waliosoma kabla yetu wakalipa, ndio waliotupa sisi. Na kila mmoja anayeliacha majini, kuna kijana mahali fulani amesimama msituni mikono mitupu. Kutoka siku hiyo, tarehe 5, badala ya kuandika neno "deni" katika daftari, tuliandika "godoro."

Mwaka 2020, wakati wa korona, duka liliyumba, na miezi mingine tulilipa nusu. Tuliandika barua kueleza, kisha tukafidia. Na mnamo Juni 2022, baada ya miezi 96, tulituma fedha ya mwisho.

Mtadhani tuliruka na kushangilia. Hatukufanya hivyo. Tulitazamana, tukaandika, tukafunga daftari, mume akaenda kufungua duka. Mwezi uliofuata, tarehe 5, mkono wake ulichukua simu wenyewe kabla hajakumbuka. Tunayasema haya kwa sababu mtu aliyemaliza safari ndefu aweza kushangaa kwamba furaha haikumngoja mlangoni. Msiogope. Huja baadaye, kwa mambo madogo. Kwetu ilikuja siku tulipoona simu ya nambari ngeni inalia, na mume akaipokea kwa sauti ya kawaida, "Halo, nani mwenzangu?" Alikuwa mtu anayeuliza bei ya mbegu za mahindi.

Cheti cha kumaliza deni kilipotoka tulikipeleka kwa Mama. Tulimsomea polepole. Alikigeuza upande huu na huu, akauliza kama kuna mahali anapotakiwa kuweka kidole. Tukamwambia hapana, safari hii hakuna. Akakikunja, akakiweka katika mkebe pamoja na kadi zake za kanisa, akatuuliza kama tutakula ugali au viazi. Picha ya joho tumeirudisha ukutani.

Neno la mwisho

Kwako wewe usiye na kazi: Mungu hakumkemea kijana kwa kuwa chuma kilichomoka. Kutoweza kulipa si sawa na kukataa kulipa. Nenda ueleze hali yako, uonyeshe mahali, hata kama mkono wako leo haufiki. Usikope kwa watu wa riba kali za simu ili kuziba shimo hili, maana utachimba la pili. Kwako uliye na ajira na umejificha: wasia wa Paulo katika Warumi 13, mstari wa 7 na wa 8, ni kwamba kila mtu apewe haki yake, tusibaki wadeni wa lolote ila upendo. Kwenu wazazi: msiulize tu mtoto anatuma nini nyumbani; ulizeni pia anadaiwa nini. Na kwenu wazee wa makanisa: mnapowafundisha vijana juu ya sadaka, wafundisheni na juu ya madeni, wala msimpime mtu kwa makofi ya harambee.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe uliyekiinua chuma kutoka vilindini kwa ajili ya kijana maskini, uwaangalie wote waliozama pamoja na shoka la kuazima. Uwape sauti ya kulia, ujasiri wa kuonyesha mahali, na nguvu za kunyosha mkono tena na tena. Uwafungulie vijana wetu milango ya kazi. Uwaondolee tamaa wanaotunza mali ya umma. Uwalinde kina mama waliotuwekea dhamana. Nasi tusisahau kamwe lile deni kubwa ulilolilipa wewe mwenyewe. Tunaomba katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amin.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, na Bwana awe nanyi katika siku hii.